Namna ya kupata mawazo ya kuchora kutoka kwenye majani yanayopukutika na vitu vya jikoni kwako

Kila mwaka ikifika katikati ya Oktoba huku Ohio, Marekani, simu zinajaa picha za miti myekundu, kila mtu kapiga mti mzima na gari lake pembeni, ukizichanganya picha za watu kumi huwezi kujua ipi ya nani. Mi nachora, zaidi mapambo ya mtindo wa kanga na kadi za salamu, na wenzetu wengi huku ughaibuni wananiuliza kitu kilekile: nataka kuchora kitu cha huu msimu wa majani kupukutika lakini nikikaa na karatasi kichwa hakileti kitu, naanzia wapi? Jibu langu ni hili, usiuchore msimu. Chukua jani moja, chukua kitu kimoja cha jikoni, alafu uviingize kwenye umbo unalolijua tangu mdogo, na kwa mtu wa kwetu umbo hilo lipo kabatini tayari, ni kanga. Kazi yote ni hiyo ila kila hatua ina mambo yake, ngoja nieleze.

Kwanza kutoka nje. Toka asubuhi, hasa kama usiku kulinyesha na upepo ukapiga, maana majani yanakuwa chini mengi, bado laini, na jani lenye maji rangi yake inakolea kuliko likikauka. Maeneo ya Columbus, mji wa hapa Ohio, rangi zinakuwa kwenye kilele kuanzia katikati mpaka mwisho wa Oktoba, walio jimbo la Minnesota kule juu kaskazini inawahi zaidi, mwishoni mwa Septemba watu wameshaanza kuokota, kwahiyo angalia kwenu na usisubiri wikiendi nzuri ya jua, ukisubiri unakuta mashine za kupuliza majani zimeshapita na mtaa mzima umekuwa msafi. Huhitaji kwenda mbali. Mtaa wako wenyewe unatosha, na bustani nyingi za umma hawaruhusu kuchuma kitu, soma kibao kwanza. Okota machache tu. Ukirudi na mfuko mzima hutaangalia hata moja, matano yanatosha, na ukiokota chagua yenye kasoro: lenye tundu la mdudu, lililobaki na kijani upande mmoja, lenye madoa meusi. Lile zima lisilo na alama ni zuri kwa macho ila halina cha kukuambia.

Tukio moja la kusubiri ni la ginko, mti wenye majani ya umbo la kipepeo cha mkononi, kile cha kujipepea, unapandwa sana kandokando ya barabara za mjini. Wenyewe unaweza kumwaga majani yake karibu yote kwa siku moja, mara nyingi baada ya usiku wa baridi kali, asubuhi unakuta duara la njano chini na mti mtupu juu. Kama kuna ginko mtaani kwenu upite kila asubuhi, ikitokea acha kila kitu uchore lile duara, kesho yake halipo.

Hapa niseme kidogo kwanini rangi zinabadilika kwasababu ukijua hili unachanganya rangi vizuri zaidi. Siku zikianza kuwa fupi mti unaacha kutengeneza klorofili, ile ya kijani, na iliyopo inavunjika. Njano na chungwa zilikuwemo ndani ya jani muda wote toka kiangazi, zilifunikwa tu na kijani. Nyekundu hadithi yake ni tofauti, hiyo inatengenezwa upya muda huohuo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, ndo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha unatoa nyekundu kali na mwaka wa mawingu unatoa nyekundu iliyochoka. Kahawia ya mwaloni ni tanini, ileile inayofanya chai iwe chungu. Sasa kwenye karatasi ifuate njia hiyohiyo: paka njano kwanza jani lote, iache ikauke, alafu weka nyekundu juu sehemu zilizopigwa na jua, kijani kiache kiwe mabaki karibu na mishipa, maana kwenye majani mengi mishipa ndo inachelewa kugeuka. Watu wengi wanaanza na nyekundu alafu wanashangaa jani lao linafanana na plastiki.

Onyo moja na naliweka kwa herufi kubwa kichwani kwako: USIGUSE mtambaa wenye vijani vitatuvitatu hata uwe mwekundu wa kupendeza vipi. Huku wanauita poizoni aivi, unapanda juu ya miti na kwenye uzio, na msimu huu unageuka mwekundu mkali kabisa kiasi kwamba mtu mgeni ndo unaomvuta wa kwanza. Mafuta yake yanatoa malengelenge na muwasho wa wiki nzima na zaidi, kwa sisi tuliokua na upupu utaelewa, ila huu ni mbaya zaidi maana mafuta yanabaki kwenye nguo na viatu na yanakuja kukupata baadae. Na usichome majani usiyoyajua, moshi wake ukiuvuta ni hatari kubwa. Fundisha watoto: matatu kwa pamoja, achana nalo.

Haya, uko nyumbani na majani yako. Hapa ndo watu wanakimbilia kuchora na mimi nasema subiri. Kaa na jani moja robo saa bila penseli. Ligeuze, maana mgongo wa jani ndo wenye mifupa, mishipa imetokeza, unaweza kuipapasa kwa kidole. Angalia kikonyo kinapoishia, pale mwisho kabisa pamevimba kidogo na pamefungwa safi kama pamekatwa na kisu, ni kwasababu mti wenyewe ulijenga ukuta mwembamba pale kabla ya kuliachia. Jani halikung'olewa na upepo, liliachwa. Mi hicho kitu kimenipa michoro mingi kuliko rangi zote nyekundu, ile ncha ya kikonyo peke yake, kubwa, imejaa karatasi.

Baada ya hapo jiulize kipi unaweza kukiondoa. Mfano mzuri ni bendera ya Kanada. Jani la mepo la kweli, la ule mti wanaokamulia sukari, lina vidole vitano na pembeni ncha nyingi za kila saizi, lakini lile la kwenye bendera iliyopandishwa mara ya kwanza tarehe 15 Februari 1965 lina ncha 11 tu, na kila mtu duniani akiliona anajua ni jani gani. Mtu alikaa akapunguza mpaka ikabaki ile ambayo ukipunguza tena inakuwa kitu kingine. Fanya hivyo na jani lako: lichore lote na ncha zake zote, alafu chora tena na nusu ya ncha, alafu tena, uone linakufa wapi. Rudi hatua moja nyuma. Hilo ndo pambo lako.

Kama mkono wako unaogopa kuchora, anza kwa kusugua. Weka jani mgongo juu kwenye meza, karatasi nyembamba ya printa juu yake, toa krayoni kwenye ganda lake uilaze ubavu, usitumie ncha, alafu sugua kutoka mshipa wa katikati kwenda nje ukishikilia karatasi kwa mkono mwingine isisogee. Jani likiwa kavu linavunjika, likiwa na maji linalowesha karatasi, kwahiyo lifute na kitambaa uliache kidogo. Utaona mishipa inatokea yenyewe mpaka ile midogo kabisa, na hapo mtu ambaye alisema hajui kuchora ameshapata mchoro wa kwanza. Sugua majani mawili yakipandana, moja njano moja bluu, sehemu zinapokutana kunatokea vitu ambavyo hukupanga.

Ya kuhifadhi yaweke katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito, badilisha gazeti baada ya siku moja au mbili la sivyo yanaota ukungu, wiki moja au mbili yanakuwa tayari. Weka mbali na jua, rangi inapauka.

Sasa wino, na hapa nakaa kidogo maana napapenda. Huku kuna mti wa jozi nyeusi, kuanzia Septemba unadondosha matunda ya kijani ukubwa wa mpira wa tenisi na watu wanayachukia kwasababu yanachafua njia na yanagonga magari. Chukua ndoo ukaombe, utapewa kwa shukrani. Vaa glovu, usidharau, ganda lake linatia mikono rangi ya kahawia ambayo sabuni haitoi, utakaa nayo kama hina mpaka ichoke yenyewe. Menya yale maganda ya nje, yakiwa yameanza kuwa meusi ndo bora, yachemshe kwenye sufuria ya zamani na maji ya kuyafunika tu, moto mdogo, masaa kadhaa, dirisha wazi, mpaka maji yawe mazito ya kahawia iliyokolea. Chuja na kitambaa, ongeza siki kidogo isioze, weka kwenye chupa uandike jina watoto wasije wakadhani ni kitu cha kunywa. Hiyo sufuria haipiki tena chakula. Wino huu unakamata karatasi na kitambaa cha pamba bila dawa yoyote, ukiuchanganya na maji unapata kuanzia chai ya maziwa mpaka kahawa nzito.

Usipopata jozi tumia ya jikoni. Maganda makavu ya vitunguu maji, yale unayotupa, ukiyachemsha unapata njano inayoelekea chungwa, na ukitaka ikae kwenye kitambaa loweka kitambaa kwanza kwenye maji ya shabu, ileile shabu ya mawe, maduka ya Wahindi huku wanayo. Nyingine ni chai ya rangi nzito, paka karatasi nzima ikauke. Pembeni chukua misumari yenye kutu uiloweke kwenye siki siku kadhaa, chupa usiifunge kabisa maana inatoa gesi, alafu chovya brashi kwenye hiyo siki uchore juu ya ile karatasi ya chai. Mstari unapita karibu hauonekani, alafu unageuka kijivu kuelekea weusi mbele ya macho yako, ni chuma kinakutana na tanini ya majani ya chai. Wazee wetu wa pwani walitumia tanini hiyohiyo ya magome ya mikoko kutia rangi na kulainisha ngozi, kwahiyo hatujaenda mbali.

Twende jikoni sasa. Kuna watu wanaamini ubunifu unataka vifaa vya dukani, turubai, brashi za bei, na mi nawakumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alichora kwenye vipande vya hadibodi za ujenzi kwa rangi za kung'aa za kupakia vyuma na baiskeli, kilichokuwa kinapatikana duka la vifaa ndicho kilichompa ule mng'ao na zile rangi bapa tunazozijua leo. El Anatsui, msanii Mghana aliyefanya kazi zake Nsukka, Nigeria, anachukua vifuniko vya chupa za pombe kali, vinapondwa, vinakunjwa, vinashonwa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa nguo kubwa ya kufunika ukuta mzima wa jengo. Kifuniko kimoja hakina kitu. Vikikaa vingi vikapangwa kwa rangi ndo vinasema.

Kwahiyo fungua droo. Chukua chujio, mwiko, kijiko cha mbao, kifumbu kama ulikuja nacho, mbuzi ya nazi kama unayo. Viweke dirishani juu ya karatasi nyeupe saa sita mchana. Huku tupo kama nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, mwisho wa Oktoba jua hata mchana halifiki utosini, linakaa chini na vivuli vinakuwa virefu siku nzima, kitu ambacho Dar au Mombasa hukipati saa hizo. Fuatisha kivuli kwa penseli haraka maana kinatembea. Kivuli cha chujio kwenye jua hilo kinavutika, yale matundu ya duara yanakuwa mayai, na mpangilio wake ukiuchora tayari una pambo la kujaza katikati ya kazi yako.

Alafu mihuri. Bamia! Kata bamia kwa upana katikati, kisu kikali, kata moja kwa moja isiende mshazari, ikandamize kwenye tishu iache utelezi utoke dakika chache, alafu iguse kwenye sponji yenye rangi, usiichovye kwenye rangi maana vile vyumba vya mbegu vinajaa na inatoka doa tupu. Ukiigonga kwenye karatasi unapata nyota, mara nyingi yenye pembe 5. Sasa weka pembeni yake jani la switigamu, mti wa huku wenye majani ya nyota ya ncha 5 na vitufe vya miiba. Nyota mbili, moja ya mboga moja ya mti, moja kubwa moja ndogo, na ghafla una familia ya maumbo inayoongea lugha moja na hakuna mtu mwingine mtaani kwako aliyefikiria kuziweka pamoja. Hicho ndo ninachokitafuta siku zote, kitu cha huku na kitu cha kwetu vinavyofanana bila kulazimishwa. Kofia ya tunda la mwaloni ukiitazama kwa karibu ina magamba yaliyopandana kama ukili unavyosukwa. Gunzi la mahindi, na huku msimu huu mahindi yako kila mahali, likikauka lichome vijiti viwili pande zote mbili, lipake rangi kidogo ulibiringize kwenye karatasi, linatoa vidoti vya mistari ambavyo kwa mkono ungechukua nusu siku.

Sasa kuviingiza kwenye kanga. Kata karatasi ya sentimita 30 kwa 20, ni karibu na uwiano wa kanga yenyewe. Piga mstari wa pindo kuzunguka pande zote nne, sentimita 3 au 4, katikati ndo mji, na chini ya mji acha kisanduku cha jina. Pindo linataka kitu kidogo kinachojirudia bila kuchoka, kwahiyo muhuri wa bamia au ncha ya kikonyo vinafaa pale. Pembe nne za pindo zinasumbua kila mtu, mahesabu hayakubali, basi anza na pembe kwanza, weka jani moja kila pembe likielekea ndani, ndo ujaze katikati. Mji unataka uamuzi: ama kitu kimoja kikubwa katikati, ama vidogo vimetawanyika. Ushauri wangu wa msimu huu ni utawanye, na utawanye kweli, dondosha majani yako makavu juu ya karatasi kutoka urefu wa kifua uchore pale yalipoangukia, maana mkono wa mtu ukiambiwa utawanye unapanga mistari bila kujua. Msanii Muingereza Andy Goldsworthy ana njia nyingine ya kupanga ambayo nimeiiba mara nyingi: anapanga majani ardhini kwa rangi, kutoka iliyokolea mpaka iliyopauka, yakizunguka tundu jeusi katikati, anapiga picha na kuondoka. Jaribu hiyo kwenye mji wa kanga, duara la majani kuanzia njano mpaka kahawia, katikati tupu.

Rangi zisizidi tatu. Kanga nyingi zinazopendeza zina mbili au tatu na weusi au weupe wa kupumzisha macho.

Jina sasa, na hili wengi wanalifanya mwisho kwa haraka, mi nasema lianze mapema maana linaweza kubadilisha mchoro wote. Jina la kanga halielezi picha. Linamwambia mtu kitu, jirani, mke mwenza, mama, mume, kuna wa kusikia. Kwahiyo usiandike "majani ni mazuri", chukua jani ulilolitazama ujiulize lingemwambia nini mti, au tawi, au upepo, alafu andika mistari mingi bila kuchagua. Nilipokaa na lile jani la kikonyo kilichofungwa safi nikapata "Uliponiacha nilishajua", hiyo ina mtu ndani yake, unamwona anayevaa na unamwona anayesomewa. Nyingine ilikuwa "Nimegeuka rangi sijageuka moyo", hii naipenda kwa mtu wa ughaibuni anayemtumia mama yake. Nyingine "Baridi ya huku haina shukrani", hii niliiacha, ni malalamiko tu, haimwambii mtu. Isome kwa sauti, ikikwama mdomoni ipunguze, na herufi kubwa zote kama kanga zenyewe.

Ukimaliza piga picha mchana karibu na dirisha bila flashi, au skani maktaba, maktaba nyingi huku wanaskani bure.

Na walio nyumbani mnaosoma hii mkisema sisi hatuna huo msimu, mnao mkungu. Tembea pwani yoyote, Tanga, Bagamoyo, Lamu, mkungu ukitaka kumwaga majani yanageuka njano, chungwa, mpaka nyekundu ya damu ya mzee, makubwa kuliko ya mepo, na mishipa ya mgongoni minene ambayo kwa kusugua ni rahisi kuliko majani yote niliyotaja. Nairobi na Arusha kuanzia Septemba mna jakaranda, maua ya zambarau yamejaa barabarani, na ua lake likilazwa ubavu ni tarumbeta, pindo zuri sana hilo. Mkungu okota asubuhi kabla uwanja haujafagiwa, sugua siku hiyohiyo maana jani lake ni nene na likikauka linajikunja haraka, na kwa ile nyekundu yake tumia krayoni ya zambarau chini na nyekundu juu, nyekundu peke yake haifiki.